Kipimo cha ukimwi cha siku ya 15 kimesema hana. Je, seli za kinga za mwanzo zinaweza kumaliza virusi kabla havijaonekana?

mtu_wa_micheweni

Assalaam alaykum nyote. Nina jambo linanikosesha usingizi na sina wa kumuuliza huku, maana ukimuuliza mtu mmoja tu asubuhi hapa Micheweni basi alasiri habari ishafika Mkoani.

Binamu yangu, mtoto wa ami yangu, tumekua nyumba moja, kaniita juzi usiku pwani kanambia alipokuwa bara kwenye kazi za ujenzi alikutana na mwanamke bila kinga. Mara moja tu anasema. Leo ni siku ya 17. Siku ya 13 alianza homa, koo likamuuma, vipele vidogo kifuani, na matezi ya shingoni yamevimba, nimeyashika mwenyewe kwa vidole, yanateleza chini ya ngozi kama punje za karanga. Kapima malaria hana. Siku ya 15 kenda kituo kimoja (sikitaji), katolewa damu ya kidoleni, mstari mmoja, akaambiwa "uko salama kaka, nenda kaoe". Na kweli anaoa, nikah iko wiki 3 zijazo, mahari ishatoka, mpaka mchele wa karamu umo ndani.

Yeye kaamini yamekwisha. Mie sina raha. Nimesoma kuwa mtu ana seli za kinga alizozaliwa nazo na zinapambana na virusi vya ukimwi tangu mwanzo kabisa, kabla mwili haujatengeneza kingamwili. Nilipomsomea akanambia "si umeona, seli zangu zishafanya kazi ndo maana kipimo hakioni kitu". Naomba mwenye elimu, hili linawezekana? Na hizo seli hasa zinafanya nini wiki zile za mwanzo?

maabara_chake

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nakujibu la haraka kwanza, wenzangu watakuja na marefu.

Mie ndo kazi yangu hii, kila siku kidole, tone la damu, tone la dawa, tunatizama saa. Kile kipimo cha mistari hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ya kuwa mwili umeshamjua adui na umetengeneza silaha yake maalum. Siku ya 15 watu wengi hawajafika hapo, kingamwili huanza kuonekana kama wiki ya 3 au ya 4 hivi na kwa wengine huchelewa zaidi. Kwa hivo mstari mmoja siku ya 15 hausemi hana na hausemi anao, hausemi chochote kuhusu lile la siku 15 nyuma. Aliyemwambia nenda kaoe kamkosea, wallahi nimeumia kusoma hilo.

Homa, koo, vipele na matezi siku ya 13 si ushahidi, hata mafua ya kawaida yanaweza kuleta hayo. Lakini ukiyaweka pamoja na alivofanya, mie ningekuwa yeye ningerudi kesho asubuhi. Aseme wazi tarehe ya tukio na aulize kama wanaweza kuchukua sampuli ya kupima kirusi chenyewe kwenye damu, kile kipimo cha wingi wa virusi wanachopimwa wagonjwa wa CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi. Kikikosekana basi arudie cha kidole wiki ya 4 mpaka ya 6, na tena ikitimia miezi 3. Dawa ya kuzuia maambukizi, ile ya siku 28, wakati wake ushapita kwa tukio lile maana inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72.

Na hili usimfiche: kama anao, siku hizi ndo virusi viko vingi kuliko wakati wowote na ndo rahisi zaidi kumuambukiza mwenzake. Asimguse mtu mpaka ajue.

binti_mbweni

Kaka Micheweni pole sana. Nasoma udaktari, hapa Unguja ila kwetu ni Mtambwe, na mada hii ya kinga ya mwanzo nimekaa nayo muhula mzima kwa hivo nivumilieni nikiandika mengi.

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, hazimalizi. Lakini si kwa sababu hazifanyi kitu. Zinafanya makubwa na watu wengi hata wa hospitali wanazungumza kama vile mwili umelala zile wiki za mwanzo mpaka kingamwili zije, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Nyie wa Pemba mtanielewa nikisema hivi. Karafuu zimeanikwa uwanjani kwenye majamvi, wachumaji wako shamba, mara wingu jeusi hilo. Nani anatoka mbio? Bibi aliyekuwa barazani, watoto walotoka chuoni, jirani ambaye karafuu si zake. Hakuna anayeuliza hizi za nani. Wanakunja majamvi ovyo ovyo, nyingine zinamwagika mchangani, lakini nyingi zinaokoka. Walio shamba wanakuja baadae na maturubali na wao ndo wanajua ipi ya daraja gani na inawekwa wapi. Kinga ya kuzaliwa nayo ndo bibi na watoto, dakika na saa. Kingamwili na seli T za kuua, zile zinazomjua adui maalum na kuua seli alizozivamia, ndo wale wa shamba, wiki 2 au 3.

Sasa ndani ya damu. Kirusi kikishaingia, siku kama 10 za mwanzo hakionekani kwenye damu kwa kipimo chochote, kiko palepale kilipoingilia na kwenye matezi ya karibu, kinaongezeka. Halafu kinalipuka. Na hapo kuna seli moja chache sana, dendritiki za plazma, hata 1 katika kila seli nyeupe 100 hazifiki, lakini hizo ndo zenye kupiga ukelele. Zinakimeza kirusi, zinazitambua jeni zake kuwa si za mwili huu, zinamwaga interferoni. Interferoni si kitu kigeni, Isaacs na Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, jina lenyewe linatokana na kule kuingilia kati kazi ya kirusi. Haiui kirusi yenyewe. Inachofanya ni kuwaambia seli za jirani fungeni milango, na seli zinatengeneza protini za kuzuia. Ipo inayoitwa APOBEC3G inavuruga maandishi ya jeni za kirusi mpaka kizazi kinachofuata kinatoka kibovu. Ipo tetherini inakifunga kirusi kipya juu ya ngozi ya seli wakati kinataka kutoka, kama ngalawa ilofungwa kamba, inapepesuka pale pale haiendi kokote.

Kirusi nacho hakikuja mikono mitupu. Kina protini Vif kazi yake kuiangamiza hiyo APOBEC3G na kina Vpu ya kuikata ile kamba ya tetherini. Mie siku niliyoelewa hili nilikaa kimya darasani nikawaza kitu kina jeni 9 tu, na ndani ya jeni hizo 9 kimekuja na funguo za milango yetu.

Halafu kuna zile seli NK, seli za kuua za kuzaliwa nazo, zilitambuliwa miaka ya 1970, kule Sweden Kiessling na wenzake waliandika mwaka 1975. Hizi haziulizi wewe ni kirusi gani, zinazunguka na kukagua vitambulisho. Kila seli yako inabeba alama juu yake, HLA, ichukulie kama ZanID. Seli ilovamiwa na kirusi mara nyingi inapoteza kitambulisho, maana kirusi kinaficha HLA ili seli T za kuua zisije kuona kilichomo ndani. NK ikikuta huna kitambulisho inakutoboa hapo hapo. Lakini kirusi cha ukimwi kina ujanja, protini yake Nef inashusha HLA-A na HLA-B ambazo seli T zinazitegemea zaidi, inaiacha HLA-C, ili NK ikija ikute kitambulisho kimoja bado kipo iseme huyu wetu ipite.

Na tunajua NK zinakibana kweli kwa sababu mwaka 2011 Galit Alter na wenzake walionesha kwenye jarida la Nature kuwa kwa watu wenye vipokezi fulani vya NK, kirusi kilichomo mwilini mwao kimebadilisha sehemu zake kuzikwepa seli hizo hizo. Kitu hakikimbii kisichokiuma.

Nikirudi kwa binamu. Kuna utafiti ulofanyika Kenya, Uganda, Thailand na kwetu Tanzania pale Mbeya, watu zaidi ya 2,000 ambao hawakuwa na virusi wakawa wanatolewa tone la damu mara 2 kwa wiki, ili atakayeambukizwa akamatwe siku zile zile. Majibu yalitoka 2016. Wingi wa virusi ulifika kileleni kama siku 13 baada ya kuonekana mara ya kwanza kwenye damu, kiasi cha milioni 5 kwa mililita moja, na ilipofika kama siku ya 31 ukawa umeshuka mpaka 20,000 hivi bila dawa yoyote. Huko kushuka ndo mwili unapigana, NK na interferoni wametangulia, seli T za kuua zimekuja kumalizia sehemu kubwa. Lakini tizama: elfu 20 si sifuri. Na kama binamu anao, siku ya 15 alopimwa yeye virusi vilikuwa ndo vinapanda mlima, si vinamalizika.

tiba_za_asili_unguja

Salaam. Nyote mmesema vizuri lakini mnasahau kuwa kinga inaweza kuamshwa. Kijana apewe habasoda na asali asubuhi na jioni, kinga yake ipande, hizo seli mnazozitaja zipate nguvu zimalize kazi wenyewe. Nimewaona watu homa zinaondoka kwa siku 5 tu. Msiwaogope watu na madawa.

binti_mbweni

Ami shikamoo. Habasoda hata mama yangu anatia kwenye mkate na sina neno nayo, lakini hili la kuamsha kinga nakuomba unisikilize kwa sababu ndo pahala penye hatari.

Kwanza homa ya mwanzo ya ukimwi inaondoka yenyewe, kwa habasoda au bila habasoda, wiki 1 au 2 imekwisha. Ndo maana wengi wanadhani wamepona. Kilichoondoka ni homa.

La pili ndo kubwa. Ukelele wa interferoni una wakati wake. Mwaka 2014 Netanya Sandler na wenzake walifanya majaribio kwa nyani wa aina ya rhesus. Kundi moja walizibiwa interferoni isifanye kazi mwanzoni mwa maambukizi, wale wakaumwa ukimwi haraka zaidi. Kundi jengine walipewa interferoni ya ziada, na mwanzo ikasaidia kweli, kirusi kikapata tabu kuingia. Walipoendelea kuwapa, mwili ukaizoea, milango ikawa haifungwi tena, na nyani wale wakaambukizwa kwa wepesi na seli zao za CD4, zile seli nyeupe zinazoongoza kinga, zikapungua zaidi. Ni kama mtu anapiga kelele mvua mvua mchana kutwa na jua linawaka, mwisho watu wanarudi ndani, na mvua ikija kweli majamvi yako uwanjani hakuna anayetoka.

Halafu ukelele huo huo unawaita CD4 wakimbilie pale penye vita, na CD4 ndo chakula cha kirusi. Kila kinga inavyochemka bila kupoa ndo kirusi kinavyozidi kupata pa kuzaliana, na huko kuchemka miaka na miaka ndo kunakomchosha mgonjwa mpaka anafika kwenye ukimwi wenyewe.

Ami unawajua tumbili, Pemba wako wengi wanatuliia mihogo. Tumbili wa Afrika kwa jumla wana kirusi chao ndugu wa hiki, SIV, wanaishi nacho kwa wingi kwenye damu na hawaugui. Mwanzoni na wao interferoni inapanda juu kama ya mtu, tafauti yao wanaizima mapema. Ndani ya wiki chache pametulia. Na wale wa taasisi ya Pasteur, Paris, walionesha mwaka 2017 kuwa NK za tumbili zinaingia mpaka ndani ya vifuko vya matezi, pahala ambapo kwa binadamu kirusi hujificha, na kukidhibiti humo humo. Walipozipunguza NK hizo, virusi kwenye matezi vikapanda. Kwa hivo ami siri yao haikuwa kinga kubwa, ilikuwa kinga inayojua pa kwenda na inayojua kunyamaza.

mama_mtambile

Wanangu nimesoma yote haya nikalia kidogo. Mie nnaishi na virusi, sioni tena haya ya kusema japo jina silisemi.

Yale matezi alosema mtoto wa Micheweni nnayajua. Mwaka 2003 nilikuwa nayo, shingoni na kwenye kinena, tukayaita mitoki, mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi. Homa siku 8, nikapewa dawa ya malaria, ikaondoka, nikashukuru Mungu. Hakuna alonambia rudi. Mie nikakaa miaka 6 najiona mzima, nauza urojo jioni, nacheka na watu. Mwaka 2009 nikaanza kukonda, kupima CD4 142. Wakati ule hata ukijulikana unao, dawa ulikuwa hupewi mpaka CD4 zishuke chini ya 200, ndo utaratibu ulivokuwa, unaambiwa bado bado kama foleni ya maji. Siku hizi ukipimwa leo ukakutwa nao unapewa dawa, hata leo hiyo.

Nnameza kidonge kimoja usiku na virusi vyangu kwenye damu havionekani. Lakini nnajua kuna vitu nilipoteza miaka ile 6 ambavyo havikurudi, daktari wangu alinambia hivo na mwili wangu unanambia.

Mwanangu mwambie huyo binamu. Kama hana, atalala usingizi. Kama anao, ataoa, atazaa, mke hatomuambukiza madhali anameza dawa na virusi havionekani. Anachokiharibu ni kungoja.

binti_mbweni

Bi mkubwa shikamoo, na ahsante mno kusema. Hilo la vitu visivyorudi lina ushahidi. Durban, Afrika Kusini, kuna kundi la wasichana waliokuwa wakipimwa mara 2 kwa wiki, na watafiti pale walitizama aina nyengine ya seli za kinga ya mwanzo, zile za kulinda kuta za utumbo na kuzitengeneza zikiumia. Majibu yalitoka 2016. Walioambukizwa seli hizo zilianguka ndani ya wiki 1 au 2 tu za kuonekana virusi, na walioanza dawa baadae hazikurudi kwenye damu yao hata virusi viliposhuka. Walioanzishiwa dawa mapema kabisa, kabla virusi havijafika kileleni, wao zilibaki. Siku hizo chache, na tafauti kubwa namna ile.

Na kaka Micheweni, kwa lile neno la binamu kuwa seli zishamaliza: kuna jaribio la nyani wa rhesus pia, 2014, walianzishiwa dawa kali siku ya 3 tu baada ya kuambukizwa, hata kwenye damu virusi havijaonekana. Wakapewa wiki 24, zikasimamishwa, virusi vikarudi kwa wote. Vilichelewa kurudi lakini vilirudi. Maana siku 3 zilitosha kirusi kujichimbia. Sasa kama kinga ya mwanzo pamoja na dawa hazikufuta kilichojificha siku 3, peke yake siku 15 itafuta vipi?

Wapo Ufaransa watu 14 walioanza dawa wiki chache baada ya maambukizi, wakameza miaka, wakaacha chini ya uangalizi na virusi vikabaki chini kwa miaka mingi. Wale nao hawakupona, virusi wanavyo, na wengi sana wengine wakiacha dawa vinarudi mara moja, kwa hivo asije akasoma habari zao akaona na yeye ajaribu. Lakini wote 14 walianza mapema.

maabara_chake

Mtu wa Micheweni, nimekutumia ujumbe wa faragha. Kama haya ya kujulikana ndo yanamzuia, aje upande wetu, huku hamjui mtu. Aje mapema kabla ya saa 3 sampuli zinaondoka.

mtu_wa_micheweni

Nimemsomea yote, neno kwa neno, tumekaa kwenye ngalawa ya baba yake ilopandishwa juu, yeye anachimba mchanga kwa kidole cha mguu hakuinua uso. Habari ya milioni 5 ndo ilomshtua, akaniuliza mara 2, milioni? Ya mama wa Mtambile akanambia isome tena.

Nikah kasema atamwambia baba isogezwe mpaka baada ya Mfungo Mosi, atatoa udhuru wa pesa. Binti wa watu hatomficha likijulikana, hilo kaapa mbele yangu na mie nitamshika nalo.

Leo tumepanda gari ya kwanza. Tumefika Chake saa 2 kasoro. Yuko ndani sasa hivi, mie niko nje kwenye benchi, mlango umefungwa.

mama_mtambile

Kaa hapo hapo mwanangu, usiende hata kununua chai. Akitoka akukute.